Kusikiliza Ukumbi Wenye Giza

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan huko Marekani, kijana Sam Raimi alikuwa amejiandikisha kusoma Kiingereza, lakini akili yake yote ilikuwa kwenye kamera ya Super 8, ile kamera ndogo ambayo familia za wakati huo zilinunua kurekodia sherehe za watoto. Yeye, kaka yake Ivan, na Robert Tapert aliyekuwa akiishi chumba kimoja na Ivan, waliunda chama cha wanafunzi cha kutengeneza filamu. Hawakuzifungia kabatini filamu zao zikisubiri alama za mwalimu. Walizionyesha kwa wanafunzi wenzao na kuwatoza kiingilio.

Mwanafunzi aliyetoa pesa yake ya chakula ili atazame filamu ya mwanafunzi mwenzake hana haya wala huruma. Akichoka anaongea na jirani yake, na akiona upuuzi anazomea. Mbele ya watu wa aina hiyo Raimi na wenzake walionyesha It's Murder!, filamu ya vichekesho vya upelelezi waliyoitengeneza mwaka 1977. Vichekesho vyenyewe havikufua dafu. Lakini humo ndani kulikuwa na tukio moja la mtu aliyejificha kwenye kiti cha nyuma cha gari, akaibuka ghafla na kumshambulia dereva. Hilo moja liliwashika watu.

Hapo ndipo ninapoanza kuwavulia kofia. Mtu anapotengeneza filamu ya kuchekesha, watu wasicheke, kisha washtuke mahali pamoja tu, jambo jepesi ni kuwalaumu watazamaji kwamba hawana akili ya kuelewa utani. Jambo jepesi la pili ni kuongeza utani. Vijana hawa walifuata ule mshtuko mmoja. Mwaka 1978 Raimi alitengeneza Clockwork, filamu fupi ya dakika chache kuhusu mwanamke anayenyemelewa akiwa peke yake nyumbani. Pamoja na rafiki yao Bruce Campbell wakaanza kwenda kwenye sinema za magari, zile za uwanja wazi ambako watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao (wazee wa Dar es Salaam wataikumbuka ile ya Msasani), wakitazama filamu za kutisha mbili mbili kwa usiku mmoja ili kujua nini kinawatikisa watu na nini kinawapa usingizi. Halafu wakatengeneza Within the Woods, filamu ya nusu saa kwa Super 8, kwa gharama ya takriban dola 1,600. Hiyo ilikuwa sampuli ya kuwaonyesha wenye fedha. Waliwaonyesha pia watu wa Detroit waliokwenda kutazama The Rocky Horror Picture Show usiku wa manane, hadhira yenye kelele kuliko zote Marekani. Filamu iliyotokana na safari hiyo, The Evil Dead, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa Redford mjini Detroit tarehe 15 Oktoba 1981, na hadi leo ni miongoni mwa filamu za kutisha zinazotajwa sana duniani.

Watu wengi wanaposimulia habari hii husifu ubunifu wa Raimi, ile kamera inayokimbia msituni kama pepo asiyeonekana. Mimi nasifu masikio yake. Kabla ya kamera kukimbia msituni kulikuwa na kijana aliyekaa kwenye ukumbi wa chuo, akasikia watu hawavicheki vichekesho vyake, akakubali.

Kazi ya kusikiliza ukumbi ina ufundi wake, na katika filamu ya kutisha ufundi huo unaonekana kwa urahisi kuliko mahali pengine, kwa sababu hofu haifichiki. Mtu anaweza kusingizia kwamba ameguswa na filamu ya mapenzi. Anaweza kucheka kwa adabu. Lakini hawezi kuruka kwenye kiti kwa adabu. Mabega yanapopanda, miguu inapokunjwa juu ya kiti, mkono unapomtafuta jirani, mwili umeshatoa maoni kabla mwenyewe hajaulizwa. Ndiyo maana mwanafunzi anayejua kazi yake, siku ya onyesho la majaribio, haketi nyuma kabisa akitazama filamu yake kwa mara ya mia. Anakaa pembeni mbele, ameipa skrini mgongo nusu, anatazama nyuso. Filamu anaijua kwa moyo. Sauti tu inamwambia iko wapi.

Anabeba daftari au karatasi iliyogawanywa kwa dakika. Anaandika kwa kifupi tu, maana akiinamisha kichwa kuandika sentensi ndefu atakosa yanayofuata. Kikohozi. Mwanga wa simu. Mtu ameuliza jirani yake swali. Watu watatu wamegeuza shingo kwa wakati mmoja kutazama mlango wa ukumbi: hiyo ni alama kubwa, maana yake mlango uliolia ndani ya filamu umelia vizuri hadi wakadhani ni wa kweli. Wengine huacha kinasa sauti katikati ya ukumbi kikirekodi kila kitu, kisha kesho yake wanaipanga sauti hiyo sambamba na filamu kwenye kompyuta na kusikiliza ukumbi dakika kwa dakika. Wengine hutumia kamera inayoona gizani. Waliotangaza filamu ya Paranormal Activity walitumia kamera ya aina hiyo kupata picha za watazamaji waliojikunyata vitini, wakaziweka kwenye tangazo la filamu. Lakini faida kubwa ya kamera hiyo ni kwa mhariri, maana inamwonyesha nani alifumba macho na sekunde ngapi kabla ya mshtuko wenyewe.

Sekunde hizo za kabla ndizo dhahabu. Mtazamaji anayefumba macho mapema amehisi kitu kinakuja, na mtengenezaji anapaswa kujiuliza ni nini kilichomtonya. Pengine ni muziki ulioanza kupanda mapema mno. Pengine ni kamera iliyoacha nafasi tupu upande wa kushoto wa mwigizaji, na watu wa siku hizi wamekwisha kujifunza kwamba nafasi tupu haiachwi bure. Kutonywa si kosa kila mara. Taharuki yote imejengwa juu ya kutonywa. Kosa ni kumtonya mtu wakati ulitaka asijue, au kumwacha hajui wakati ulitaka ateseke kwa kusubiri.

Kelele ya ukumbi nayo inataka mtu wa kuitenganisha, hasa kicheko. Kuna kicheko kinachokuja baada ya mshtuko, sekunde moja hivi, kikiambatana na pumzi. Watu wanajicheka wenyewe kwa kuruka. Kicheko hicho ni zawadi, na mhariri mwenye busara huwapa nafasi wakicheke hadi kiishe kabla ya kuweka neno muhimu la mwigizaji, la sivyo neno hilo litazama. Kuna kicheko kingine kinachokuja wakati wa tukio lililokusudiwa kutisha, hakina pumzi ndani yake, na mara nyingi huanzia kwa mtu mmoja kikasambaa. Hicho kinasema vipodozi vya mzuka vimeonekana ni unga wa ngano, au mwigizaji amepiga ukelele usio wake. Mwanafunzi aliyekaa nyuma na kusikia tu kwamba watu wamecheka hawezi kujua ni kicheko kipi. Aliyetazama nyuso anajua.

Baada ya taa kuwashwa inakuja sehemu ngumu, ile ya mdomo. Hapa kwetu ugumu huo una sura yake. Watazamaji wetu ni waungwana. Ukiwauliza filamu imekuwaje, watakwambia hongereni, mmejitahidi, tunasubiri sehemu ya pili. Ukirudi nyumbani na karatasi zenye majibu ya namna hiyo, umerudi mikono mitupu. Tatizo haliko kwao, liko kwenye swali. Ukimuuliza mgeni wako kama chakula kilikuwa kizuri, ulitaka akujibu nini?

Wenye ufundi huuliza maswali ambayo adabu haiwezi kuyajibu. Wanamwomba mtazamaji asimulie hadithi aliyoiona, tangu mwanzo, kwa maneno yake. Akisimulia kwamba yule msichana aliingia ndani ya nyumba kumtafuta mdogo wake, ilhali kwenye hadithi alikuwa akimtafuta mama yake, mtengenezaji hahitaji kuuliza zaidi. Amepata kosa lake bila mtu kumtukana. Wanauliza ulidhani kuna nini nyuma ya mlango. Wanauliza ni nani ulianza kumshuku, na ulimshuku kuanzia wapi. Wanauliza ni lini ulikumbuka kwamba una kazi nyingine ya kufanya leo. Swali hili la mwisho nalipenda sana kwa sababu watu hulijibu wakicheka, na hulijibu kweli.

Uingereza ililiweka jambo hili kwenye mtihani. Kwa miaka kadhaa bodi ya mitihani ya OCR iliwataka wanafunzi wa A-level wa somo la vyombo vya habari watengeneze kazi yao wenyewe, kwa mfano tangazo la filamu pamoja na bango lake, kisha wajibu maswali manne ya tathmini. Moja liliuliza: umejifunza nini kutokana na maoni ya hadhira yako? Wengi walichagua filamu ya kutisha, na sababu iko wazi: haihitaji magari wala majumba ya kifahari, inahitaji korido, taa moja na rafiki mwenye nywele ndefu. Swali lenyewe ni zuri. Hatari yake ni kwamba mwanafunzi anayetafuta alama anaweza kuligeuza kuwa zoezi la kuchora chati: asilimia kadhaa walipenda muziki, asilimia kadhaa walipenda bango. Chati haimwambii mhariri akate wapi. Mtazamaji mmoja aliyesema "nilijua atakuwa nyuma ya pazia kwa sababu pazia lilionyeshwa mara mbili" ana thamani kuliko chati kumi.

Kisha mtu anarudi kwenye meza ya uhariri, na hapo uvumilivu ndipo unapotakiwa kweli. Filamu ya sinema hupita kwa fremu 24 katika sekunde moja. Fremu sita ni robo ya sekunde. Mshtuko ulioshindwa ukumbini mara nyingi haukushindwa kwa sababu wazo ni baya. Umekuja fremu sita mapema, kabla jicho la mtazamaji halijafika upande ule wa picha, au umechelewa hadi pumzi imeshatoka. Mhariri anasogeza, anatazama, anasogeza tena. Anaondoa sauti ya upepo sekunde mbili kabla, ili kimya kiwe kizito. Anabadilisha chanzo cha kelele. Hakuna anayeona kazi hii, na ikifanywa vizuri hakuna atakayejua kwamba ilifanywa.

Kielelezo cha zamani cha kazi hii bado hakijachakaa. Mwaka 1942, mtayarishaji Val Lewton na mwongozaji Jacques Tourneur walitoa filamu ya kutisha Cat People, iliyohaririwa na Mark Robson. Mwanamke anatembea usiku kando ya bustani, anahisi anafuatwa, anaharakisha, tunasubiri chui amrukie. Inakuja sauti ya kukoroma na kufoka kutoka upande wa picha, watu wanaruka, na kumbe ni basi limesimama kumchukua abiria. Chui hatumwoni. Tangu siku hiyo mafundi wa filamu huuita mtego wa aina hiyo "basi la Lewton". Mwanafunzi mwenye paka anayeruka kutoka kabatini anatumia mtego huohuo, awe anamjua Lewton au hamjui. Tofauti kati ya paka wake na lile basi mara nyingi ni zile fremu chache tu, na fremu hizo hazijulikani mpaka watu wakae gizani watazame.

Tukija kwenye somo lililo gumu kuliko yote, nalo ni wapi pa kutia mkono, mfano ninaouheshimu zaidi ni wa The Blair Witch Project. Daniel Myrick na Eduardo Sánchez walikutana wakisoma filamu katika Chuo Kikuu cha Central Florida mjini Orlando. Hadithi yenyewe inawahusu wanafunzi watatu wa filamu wanaopotea msituni wakirekodi habari za mchawi. Myrick na Sánchez waliirekodi filamu kwa siku nane mwezi Oktoba 1997 huko Maryland, waigizaji wakishika kamera wenyewe, wakatoka na saa nyingi za mikanda. Uhariri ulichukua zaidi ya miezi minane. Waliwaonyesha watu rasimu za mwanzo kwenye maonyesho madogo, wakapokea maoni, wakarudi kukata, hadi filamu ikabaki dakika 80 na ushee.

Mwisho wake, kwa ambaye hajaiona, ni huu: ndani ya nyumba mbovu, mmoja wa vijana anaonekana amesimama kwenye kona akiwa ameelekea ukutani, hageuki. Kamera inaanguka. Basi. Baada ya kampuni ya Artisan kuinunua kwenye tamasha la Sundance mwezi Januari 1999, watazamaji walitoka wakiuliza: kwani yule kijana alikuwa anafanya nini pale konani? Wenye fedha wakataka mwisho mpya. Myrick na Sánchez wakaenda wakarekodi miisho mingine, ya kutundikwa na ya kuning'inia, yenye kueleweka haraka. Halafu wakabaki na ule wa kwanza.

Walichobadilisha kilikuwa mbali na mwisho. Karibu na mwanzo wa filamu, wakazi wa kijiji wanahojiwa. Hapo wakaongeza mahojiano ambamo mkazi mmoja anasimulia kwamba muuaji wa zamani, Rustin Parr, alikuwa akiwachukua watoto wawili wawili, akimsimamisha mmoja kwenye kona wakati anamuua mwenzake. Ni maneno machache, yanapita kama porojo za kijiji. Saa moja baadaye mtazamaji anaona mgongo wa kijana kwenye kona, na damu inamwenda mbio kabla hajajua kwa nini. Ule mwisho uliokuwa fumbo sasa unaua.

Watazamaji walikuwa na haki kabisa kusema kwamba kuna kitu kimepungua, na walionyesha kidole mahali walipoumia: mwishoni. Wenye fedha waliamini kidole. Mafundi walitafuta ugonjwa. Kosa la dakika ya 79 lilikuwa limezaliwa dakika za mwanzo, na likatibiwa hukohuko. Kila mwanafunzi anayesoma karatasi za maoni zilizoandikwa "mwisho sikuuelewa" angefanya vyema kuuacha mwisho kwanza, akatazama nini hakikupandwa mapema. Mimi sijaona mfano bora zaidi wa mtu kumtii mtazamaji bila kumfuata.

Kuna upande wa pili, upande wa uroho, na aliyeusimulia kwa uwazi ni Steven Spielberg. Tarehe 26 Machi 1975 Jaws, filamu yake ya papa, ilionyeshwa kwa majaribio mjini Dallas. Mtu mmoja alitoka mbio kwenye kiti chake, Spielberg akadhani filamu imemchukiza. Yule mtu akatapika nje kisha akarudi kuketi. Papa alipoibuka nyuma ya mashua wakati askari anamwaga chambo majini, ukumbi ulipiga ukelele mkubwa. Spielberg akautaka ukelele mwingine. Kulikuwa na tukio la mpiga mbizi anayekagua mashua iliyotobolewa chini ya maji. Aliamua kichwa cha maiti kitokeze kwenye tundu. Studio haikutaka kulipia, basi akaweka dola 3,000 zake, akarekodi kwenye bwawa la kuogelea la nyumbani kwa mhariri wake Verna Fields, wakamwaga maziwa kwenye maji ili yafifie kama ya bahari.

Ukelele aliupata. Lakini alipotazama na watu tena, ule ukelele wa zamani, wa papa kuibuka, ulikuwa umepungua karibu nusu. Watu walioshtuliwa na kichwa hawakuiamini tena filamu. Walikaa wamejikaza, wakisubiri kushtuliwa. Hivyo hofu ya watazamaji ni mali yenye kiasi, na ukiitumia mapema inapungua baadaye. Hakuna kitabu kingemwambia Spielberg hesabu hiyo kwa usahihi namna ile. Ilimbidi asikie ukumbi kabla, kisha asikie ukumbi baada, na awe na masikio ya kulinganisha. Mwanafunzi mwenye filamu ya dakika saba anayeongeza mshtuko wa nne kwa sababu watu waliusifu wa tatu anapaswa kuonyesha tena filamu nzima, asikilize kama wa tatu bado upo.

Si kila anayesikiliza husikia sawasawa. Kwenye onyesho moja la majaribio la Paranormal Activity, filamu ambayo Oren Peli aliirekodi nyumbani kwake San Diego kwa takriban dola 15,000, watu walianza kutoka ukumbini, wakubwa wa studio wakadhani imeshindwa, mpaka walipoambiwa kwamba watu hao wanatoka kwa woga. Upande mwingine kuna Freaks ya Tod Browning. Onyesho la majaribio la Januari 1932 lilizua kishindo, kampuni ya MGM ikaingiwa na hofu, ikaikata filamu hadi ikabaki dakika 64, na vipande vilivyokatwa vimepotea hadi leo. Ukumbi ulisema umechukizwa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Panga lililofuata lilikuwa uamuzi wa watu walioogopa hasara, wala siwezi kuuita kusikiliza.

Wanafunzi wa filamu wa Afrika Mashariki wana bahati moja ambayo wenzao wa Michigan iliwabidi waitafute kwa tiketi za usiku wa manane: watazamaji wetu husema. Aliyekulia kwenye vibanda vya video anajua kwamba pale hapakuwa na mtu anayetazama kimya. Filamu ilikuwa na mtafsiri wake, Lufufu kwa Tanzania au DJ Afro kwa Kenya, na watazamaji nao walikuwa watafsiri wasaidizi. "Usiingie humo!" "Huyo si mtu huyo!" "Mtazame miguu!" Hilo la miguu ni somo la pekee. Mtazamaji wa pwani akimwona mwanamke mzuri barabarani usiku, jicho linashuka moja kwa moja chini kutafuta kwato za jini. Mwongozaji anayeonyesha miguu hiyo mapema ameshamaliza hadithi, na anayeificha kwa kamera ya kifuani tu ameimaliza pia, maana watu wataanza kupiga kelele kwamba miguu inafichwa. Mussa Banzi, aliyetutengenezea Nsyuka na Shumileta enzi za mikanda ya VHS, alifanya kazi mbele ya hadhira hiyo inayoijua mizimu kuliko mwongozaji. Kinasa sauti kikiachwa katikati ya watu wa namna hii kinarudi kimejaa.

Wanafunzi wetu wengi huiacha bahati hiyo ipotee. Filamu huonyeshwa mara moja, siku ya mahafali ya kozi, mbele ya walimu, wazazi na waigizaji wenyewe, watu wote wakiwa wamevaa vizuri. Hao si watazamaji, ni ndugu wa filamu. Hawawezi kushtuka, wanamtafuta mtoto wao kwenye picha. Kisha filamu inakwenda kwenye kompyuta kupumzika milele, ikiwa na mshtuko wake uliokuja fremu sita mapema.

Mtazamaji asiyejua chochote kuhusu filamu yako ni njiti ya kiberiti, hawaki mara mbili. Ndiyo maana mafundi huwagawa watu kwa uchoyo: watano wanaona rasimu ya kwanza, watano wengine ya pili, wengine wapya ya tatu, na rafiki wa karibu haguswi mpaka mwisho, kwa sababu rafiki wa karibu tayari ameshasimuliwa kila kitu kwenye daladala. Wanatafuta mtu asiyewajua: mlinzi wa jengo, wanafunzi wa uhasibu, fundi aliyekuja kutengeneza feni. Wanaepuka kueleza lolote kabla. Filamu ikihitaji maelezo ya mdomo kabla ya kuanza, maelezo hayo yanapaswa kuwa ndani ya filamu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwako wewe usiyetengeneza filamu. Siku utakapoalikwa na kijana wa chuo kuja kutazama filamu yake fupi ya kutisha kwenye darasa lenye mapazia mabovu, nenda. Zima simu. Ukiogopa, ogopa kwa sauti. Ukichoka, piga mwayo bila kuufunika. Taa zikiwashwa, akuulize imekuwaje, hongera iweke hadi siku ya uzinduzi. Mwambie ni dakika ya ngapi ulianza kuwaza mambo ya kwako.